Galaxian: vita vya angani kwenye runinga ya sebuleni

Mwaka 1979, kampuni ya Namco ya Japani ilitoa Galaxian, mchezo wa mashine ya kutumbukiza sarafu katika kumbi za michezo. Mchezaji huendesha chombo kimoja chini ya skrini. Juu yake, wavamizi waliojipanga safu hujitenga na kumshukia kwa mizunguko. Risasi ni moja tu kwa wakati mmoja: ukikosa shabaha, husubiri hadi ipotelee juu.

Kutoka ukumbini hadi nyumbani
Mwaka 1984, Namco iliutoa mchezo huu kwa Famicom, mashine ya nyumbani ya Nintendo. Skrini ya ukumbini ilisimama wima, ya runinga imelala. Hivyo uwanja wa vita ukafupishwa. Kanuni ya risasi moja ilibaki. Programu na picha zake zilitosha ndani ya kilobaiti 16.

Kufika Kenya
Famicom ilikusudiwa soko la Japani. Katika miaka ya 1990, miji ya Kenya kama Machakos ilizijua zaidi nakala zake zisizo rasmi kutoka Taiwan na China. Watoto walikusanyika kwa jirani mwenye runinga na kupokezana padi ya kuchezea: ukifa, unampisha mwenzako. Kaseti ya gemu iliyochomekwa kwenye mashine hizo ilijigamba kuwa na maelfu ya gemu, kumbe ni chache zilizorudiwarudiwa kwa majina mengine. Gemu ndogo za zamani kama Galaxian hazikula nafasi kubwa, kwa hiyo watengenezaji walizipakia mara kwa mara.