Kipimo cha kaboni monoksidi katika damu

Kipimo cha kaboni monoksidi katika damu ni uchunguzi wa maabara unaoonyesha ni kiasi gani cha hemoglobini ya mtu kimeshikwa na gesi hiyo. Hemoglobini iliyoshikwa huitwa kaboksihemoglobini, na majibu hutolewa kwa asilimia. Hupimwa mtu anayeshukiwa kuvuta gesi hiyo: aliyelala na jiko la mkaa chumbani, aliyewasha jenereta ndani ya nyumba, aliyeokolewa kwenye moto, au fundi aliyeacha injini ikiunguruma katika gereji iliyofungwa. Majibu yake hayana maana kamili mpaka yasomwe pamoja na saa.

Msingi wa kipimo

Kaboni monoksidi haina rangi, harufu wala ladha. Hutokea pale mkaa, kuni, petroli au gesi ya kupikia inapoungua bila hewa ya kutosha. Ikifika mapafuni, hushikamana na hemoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 hadi 250. Hemoglobini iliyotekwa haibebi oksijeni tena, na ile iliyosalia huikumbatia oksijeni yake isiiachie mwilini kwa urahisi. Ubongo na moyo ndivyo huathirika zaidi.

Historia

Katikati ya karne ya 19, Claude Bernard wa Ufaransa alionyesha kwamba gesi hii hudhuru kwa kuchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Felix Hoppe-Seyler wa Ujerumani alibuni kipimo cha rangi: damu ya kawaida ikitiwa sodiamu haidroksidi hugeuka kahawia yenye ukijani, bali yenye kaboni monoksidi hubaki nyekundu. Mwaka 1895 Mskoti John Scott Haldane aliivuta gesi hiyo mwenyewe huku akipima damu yake, mpaka zaidi ya nusu ya hemoglobini yake ikawa imeshikwa. Mwaka uliofuata alichunguza miili ya wachimbaji waliokufa katika mlipuko wa mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, Wales, akabaini kwamba wengi wao waliuawa na gesi hiyo, si na mlipuko.

Jinsi kinavyofanyika

Mgonjwa hahitaji kufunga kula. Damu ya mshipa wa kawaida wa mkononi inatosha. Si lazima itoke kwenye ateri. Hutiwa katika chupa yenye dawa ya kuzuia isigande, ikafunikwa vizuri. Mashine iitwayo ko-oksimita huipitishia mwanga wa mawimbi mbalimbali, na kwa kuwa kila aina ya hemoglobini hufyonza mwanga kwa namna yake, hutenganisha iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksidi. Majibu hupatikana kwa dakika chache.

Kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni hakiwezi kuchukua nafasi ya kipimo hiki. Vifaa vingi vya aina hiyo haviwezi kutofautisha hemoglobini hizo mbili, hivyo vyaweza kusoma oksijeni asilimia 98 kwa mtu ambaye viungo vyake vinakosa oksijeni.

Kusoma majibu

Kwa asiyevuta sigara, kiwango cha kawaida ni chini ya asilimia 3. Kwa mvutaji kinaweza kufikia 10. Mwili nao hutengeneza gesi hii kidogo unapovunja hemoglobini iliyochakaa, ndiyo maana wenye selimundu huweza kuwa juu kidogo bila kuvuta moshi wowote.

Gesi hutoka mwilini yenyewe. Mtu akipumua hewa ya kawaida, kiwango hupungua kwa nusu katika saa nne hadi sita. Akipewa oksijeni safi kwa barakoa, nusu hiyo huondoka kwa muda wa saa moja hadi moja na nusu. Chukua mtu aliyetolewa chumbani saa kumi na moja alfajiri akiwa na asilimia 24. Ndugu wakihangaika na usafiri, akapimwa saa nne asubuhi, mashine yaweza kusoma 12. Akiwa amewekewa oksijeni njiani, huenda ikasoma chini ya 3. Majibu hayo hayasemi kwamba hakuvuta sumu. Ndiyo sababu muda wa kuondoka kwenye moshi, muda wa kutoa damu na oksijeni aliyopewa huandikwa pamoja na namba.

Namba hiyo pia haitabiri ukali wa madhara. Mwenye kiwango cha kati anaweza kupoteza kumbukumbu siku au wiki kadhaa baadaye. Mjamzito huangaliwa kwa uzito zaidi, kwa kuwa gesi hukawia kutoka katika damu ya mtoto aliye tumboni.

Hatua za haraka

Damu ikiwezekana itolewe kabla ya oksijeni, lakini oksijeni haicheleweshwi kwa ajili ya kusubiri kipimo wala majibu. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu hufanana mno na malaria, na mganga asiyeambiwa habari ya jiko aweza kutibu ugonjwa mwingine. Anayemleta mgonjwa aseme wazi kilichokuwa kikiwaka, chumba kilifungwa vipi, na nani wengine walikuwamo. Wote waliolala humo wanastahili kupimwa, hata wanaojiona wazima, na asirudi mtu ndani kabla chanzo hakijatolewa na madirisha kufunguliwa.