Mwano wa Kahama

Mtu aliyezaliwa Masumbwe mwaka 1970 amekuwa mkazi wa wilaya tatu bila kuhama nyumba. Alipozaliwa, wilaya yake ilikuwa Kahama. Katikati ya miaka ya 1990 akajikuta yuko Bukombe. Machi 2012, Mkoa wa Geita ulipoundwa, akaambiwa sasa yuko Mbogwe, na Shinyanga aliyokuwa akiiandika kwenye barua zake si mkoa wake tena. Kila mara mabango yalipakwa rangi upya na mihuri mipya ikachongwa. Yeye alibaki palepale, kando ya barabara ya Isaka kwenda Lusahunga inayopitisha malori ya Rwanda, Burundi na Kongo, na shida zake zikabaki naye: wezi, kiangazi, watoto wasio na darasa, dhahabu anayoichimba yeye na kupangiwa bei na mwingine.

Historia ya upande huu imezoea kufuata ofisi: nani alikuwa mkuu wa wilaya, mradi gani uliletwa na nani. Naona tunapoteza nusu ya habari. Mambo kadhaa yaliyobadilisha maisha katika Kahama ya zamani, iliyoizaa Mbogwe ya leo, hayakutoka ofisini. Yalitoka kwa wananchi waliokaa kitako wakapatana, na serikali ikayakuta yakitembea.

Lililo kubwa kuliko yote lilizaliwa na hofu. Katika miaka ya 1970 wizi wa mifugo na mauaji vilikuwa vimeichosha Usukuma. Mwaka 1976 dola iliendesha msako mkali Mwanza na Shinyanga. Watuhumiwa waliteswa, na baadhi wakafia mikononi mwa walinzi wa sheria. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu kwa yaliyotendeka chini ya wizara yake, ingawa si yeye aliyeyatenda. Nchi bado inamkumbuka kwa uungwana ule. Ila ng'ombe waliendelea kuibwa.

Kisha ikaja vita. Idi Amin alivamia Kagera mwaka 1978, na majeshi yalipomaliza kazi yao Uganda mwaka 1979, nchi ilibaki na uchumi uliochoka, maduka matupu na bunduki zilizopotelea mitaani. Majambazi wakawa wanaingia vijijini usiku wakiwa na silaha za moto. Kituo cha polisi kilikuwa mbali, na gari la polisi, kama lipo, halina mafuta. Mwizi aliyekamatwa na kupelekwa mjini alirudi baada ya siku chache akiwacheka waliomkamata, na kila mwanakijiji alijua ni fedha iliyomrudisha.

Kati ya 1981 na 1982, katika vijiji vya mpakani mwa Kahama na Nzega, watu waliamua kwamba imetosha. Walijiita Basalama, watu wa usalama. Jina lililoenea nchi nzima ni sungusungu. Mpango wao ulikuwa mwepesi kueleza na mgumu kuutoroka. Kila mwanamume mwenye nguvu awe na upinde, mishale na filimbi. Ng'ombe wakiibwa, unapigwa mwano, ule ukelele ambao katika mila za Wasukuma na Wanyamwezi mtu haruhusiwi kuusikia akaendelea kulala. Vijana wanafuata nyayo. Nyayo zikivuka mpaka, filimbi inalia na kijiji kinachofuata kinapokea msako, hadi kwenye boma walikoishia ng'ombe. Mwizi mwenye bunduki alikuwa na uwezo wa kuitisha kaya moja. Hakuwa na uwezo wa kuvitisha vijiji kumi vilivyo macho.

Uongozi wao ulinifikirisha nilipousoma mara ya kwanza. Utemi ulikuwa umefutwa kisheria tangu 1963, lakini Basalama walimwita mkuu wao ntemi, akiwa na katibu na makamanda wake. Ntemi huyu hakutoka ukoo wa watawala. Alichaguliwa kwa kuaminika. Wananchi walichukua cheo cha babu zao, wakakichanganya na madaraka ya kisasa, wakapata chombo ambacho hakikuwemo katika kitabu chochote cha serikali. Hapo nauona ufundi wa watu ambao wataalamu wengi waliwahesabu kuwa wanasubiri kuelimishwa.

Kulikuwa na wakubwa walioshtuka. Polisi na mahakama waliona kazi yao inanyang'anywa, na baadhi ya makamanda walikamatwa kwa kukamata. Mwalimu Nyerere na viongozi wa chama walichagua kuwaunga mkono. Ndani ya miaka michache sungusungu walikuwa wameenea Usukuma na Unyamwezi yote, na baada ya 1990 Augustine Mrema, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akahimiza utaratibu huo hadi mitaa ya Dar es Salaam. Sheria ilifika mwaka 1989, pale Bunge liliporekebisha sheria za mgambo na kuwatambua. Hesabu mwenyewe: wananchi walitangulia kwa miaka saba hivi, na sheria ikawafuata nyuma.

Nisingekuwa mkweli nikiishia hapo. Chombo kilichokamata wezi kilihukumu pia, na kilihukumu bila wakili na bila rufaa. Watu walipigwa, walitozwa ng'ombe, walitengwa na jirani zao, wengine waliuawa. Ubaya zaidi uliwaangukia wanawake. Vikao vilivyoanza kwa kutafuta wezi viliingia katika kutafuta wachawi, na mwanamke mzee, mara nyingi mjane mwenye shamba zuri na asiye na mtu wa kumsemea, ndiye aliyetajwa. Shinyanga ilibeba sifa hiyo chungu kwa miaka mingi: vikongwe kukatwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu.

Macho hayo yana historia yake, na inaanzia kwenye miti. Tangu miaka ya 1920 misitu ya Shinyanga ilifyekwa kupambana na mbung'o, kisha ikafyekwa tena kupisha pamba. Ardhi ilipobaki uchi, kuni ziliadimika, na akina mama wakapikia samadi ya ng'ombe na mabua ya pamba. Bibi aliyeinamia moshi huo kwa miaka hamsini alizeeka na macho mekundu, na wekundu huo ukageuzwa ushahidi dhidi yake. Sijui mfano mwingine unaoonyesha wazi namna hii kwamba mti uliokatwa unaweza kuja kumuua mtu baada ya miaka mingi.

Ndiyo maana jambo la pili ninalolisimulia lina uzito kwangu kupita tuzo lililopata. Wasukuma walikuwa na ngitili tangu zamani: sehemu ya malisho inayofungwa mvua zikianza, nyasi zikaachwa zikue, ikafunguliwa kiangazi kwa ajili ya maksai, ndama na ng'ombe wadhaifu. Kulikuwa na ngitili za kaya na za kijiji. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 ilizivunja bila hata kukusudia. Familia zilihamishiwa vijiji vya pamoja, ngitili zikabaki mbali, na kitu kisicho na mwenyewe karibu hakidumu. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mkoa mzima, Kahama ikiwemo, ulikuwa na takriban hekta 600 tu za ngitili, na Shinyanga ilikuwa ikitajwa kama jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Mradi ulianza kama miradi mingi inavyoanza, kwa vitalu vya miche na mahubiri ya kupanda miti. Uligeuka ulipowasikiliza wazee, kwani walikuwa na jambo rahisi la kusema: ardhi hii ina mizizi hai chini, ifungeni ipumzike. Migunga ikachipua yenyewe. Dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, likaweka sheria na faini za kuingiza mifugo kabla ya wakati, na walinzi waliosimamia sheria hizo walikuwa ni walewale sungusungu. Safari hii upinde ulilinda nyasi.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimevuka hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 HASHI ilipata tuzo la Equator la Umoja wa Mataifa wakati wa mkutano wa dunia wa Johannesburg. Kuni zilirudi karibu na nyumba. Nyasi za kuezekea, fito, dawa na asali zikarudi pia, vitu ambavyo havionekani katika takwimu za pato la wilaya lakini vinaonekana jikoni. Mradi ulifungwa mwaka 2004. Ngitili hazikuhitaji mradi ili ziendelee, ingawa leo mashamba ya mpunga na tumbaku, mkaa na mashimo ya wachimbaji vinazila pembeni.

Kuhusu shule sitasema mengi, maana kila msomaji wa Kanda ya Ziwa anayo habari yake. Mpango wa elimu ya sekondari ulipoanza mwaka 2004, shule za kata zilijengwa kwa michango na kwa mikono. Wananchi walifyatua na kuchoma tofali, wakabeba mchanga na mawe, wakainua boma hadi lenta. Makubaliano yalikuwa kwamba serikali itapaua. Palipopauliwa, watoto walisoma. Pasipopauliwa, maboma yalisimama wazi miaka na miaka, mvua ikinyesha ndani, na mwenyekiti aliyeitisha mchango wa pili aliulizwa ule wa kwanza umekwenda wapi. Lilikuwa swali la haki. Kijiji kilichotimiza sehemu yake kikaachwa na kuta huchelewa sana kujitolea tena, na hasara hiyo ni kubwa kuliko bei ya mabati.

Dhahabu ndiyo sura ya karibuni. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, lakini wachimbaji wadogo walikuwapo kabla yake na wapo mpaka leo, Nyakafuru kwetu Mbogwe na kwingineko, wakishuka kwa kamba kwenye mashimo wanayoyaita maduara. Kwa muda mrefu mzigo wao uliishia mikononi mwa mnunuzi wa njiani. Kuuza rasmi kulimaanisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, kwa mtu aliyekopa hata pampu ya kuvuta maji shimoni. Dhahabu ikapita vichochoroni, ikavuka mipaka.

Tarehe 22 Januari 2019 Rais John Magufuli, mwenyeji wa Chato katika mkoa huuhuu wa Geita, aliwaita wachimbaji wadogo Dar es Salaam, akawaacha waseme. Wakasema: tuondoleeni kodi hizi, tupeni mahali pa kuuzia panapojulikana, penye mizani ya haki na bei iliyo wazi. Sheria zikarekebishwa ndani ya wiki chache, kodi hizo mbili zikaondolewa kwa wachimbaji wadogo, na tarehe 17 Machi 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akafungua soko la dhahabu Geita, la kwanza nchini. Masoko mengine yakafuata mikoani. Waliotoa mapendekezo hayo walikuwa watu wa koleo, sululu na makarasha ya kusagia mawe, na hazina ya taifa imenufaika nayo.

Mahali pa kutolea mawazo kama hayo pako katika sheria za nchi tayari. Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982, zilizorudisha halmashauri baada ya kufutwa mwaka 1972, zinautambua mkutano mkuu wa kijiji kuwa chombo cha juu cha kijiji: kila mtu mzima ni mjumbe, unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe humo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaongezwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, wa kuorodhesha vipaumbele kuanzia kitongojini. Orodha nyingi nzuri ziliandikwa, zikapanda wilayani, zikakutana na ukomo wa bajeti uliokwisha kupangwa, na wananchi hawakurudishiwa jibu. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, mikutano ilipoanza kukosa watu, si kwa uvivu wa wananchi kama inavyosemwa majukwaani.

Masumbwe ya leo ina watu wanaoijua kuliko mpangaji yeyote. Mama lishe wa stendi anajua maji ya mvua yanatuama wapi na kwa siku ngapi. Bodaboda anajua kipande cha barabara chenye giza ambako watoto wa shule hugongwa na malori. Mchimbaji anajua zebaki inamwagwa kwenye kijito gani. Tatizo la mji wa barabarani na wa machimbo ni kwamba wengi wao hawahesabiwi kuwa wenyeji: kaja juzi, keshokutwa anahama kufuata rashi nyingine ya dhahabu, wa nini mkutanoni? Babu zetu Wasumbwa walikuwa wasafiri pia. Msiri aliyetawala Garenganze huko Katanga hadi alipouawa mwaka 1891 alikuwa wa asili ya huku, na ugeni haukumzuia kujenga mji wake wa Bunkeya.

Kama mkutano ujao utaitishwa, uitishwe jioni, magari yakipungua stendi na watu wa machimboni wakiwa wametoka mashimoni, na ajenda ibandikwe sokoni wiki nzima kabla. Akina mama wazee wapewe nafasi ya kusema mapema, kabla wanaume hawajafunga hoja. Katika nchi hii tunajua ni nini hutokea wanapojadiliwa bila kusikilizwa. Na kabla ya mchango wowote mpya, asomewe kila mtu, kwa tarakimu, mchango uliopita ulikwenda wapi, na ni boma gani bado linasubiri bati.