Vijiti vya Thuin

Mzazi wa Marekani aliyeazimu kumsomesha mwanawe nyumbani, afikapo kwenye somo la hesabu, hukuta mbele yake masanduku ya vibao, shanga na vijiti vya rangi, kila sanduku na madaftari yake, kila mwuzaji na sifa zake. Na aghalabu hudhani kwamba vitu hivyo vimezuliwa juzi kwa ajili ya watu wa hali yake. Hakika tarehe yake ni ya zamani, wala havikuanza Marekani, wala havikuanza nyumbani, bali vilianza katika madarasa ya Ulaya, mikononi mwa waalimu waliochoka kusikia watoto wakiimba majedwali kwa midomo ilhali akili zao zimelala.

Johann Heinrich Pestalozzi wa Uswisi, aliyezaliwa 1746, alishikilia kwamba mtoto akitazame kitu na kukigusa kabla ya kupewa jina la kitu hicho. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyekaa kwa muda kwa Pestalozzi huko Yverdon, alianzisha mwaka 1837 huko Bad Blankenburg skuli yake ya watoto wadogo, akawapa tufe, silinda na mchemraba, na baada ya hapo mchemraba mwingine uliogawanyika vipande vinane, ili mkono ujue nusu, robo na thumni kabla ulimi haujazitaja. Kisha akaja Maria Montessori, tabibu wa Italia, aliyefungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, tarehe 6 Januari 1907. Shanga zake za rangi ya dhahabu bado zinatumika: moja ni chembe, kumi ni kijiti, mia ni mraba, elfu ni mchemraba ambao mtoto huubeba kwa mikono miwili, na huyo aliyekwisha kuubeba hahitaji kuelezwa sana kwamba elfu si sawa na kumi iliyoongezewa sifuri.

Lakini zana iliyokuja kuwateka wazazi wa Marekani ilitoka Ubelgiji, katika mji mdogo wa Thuin, kwa mualimu wa skuli ya msingi aitwaye Georges Cuisenaire. Alikuwa mpenda muziki, na lililomsumbua ni kwamba watoto wale wale waliofurahia nyimbo walinyong'onyea ilipoingia saa ya hesabu. Akakata vijiti vya mbao vya urefu wa namna kumi, kuanzia sentimita 1 hadi 10, akavipaka rangi kwa nasaba: nyekundu, zambarau na hudhurungi ni jamaa moja, yaani mbili, nne na nane, kijani hafifu, kijani kilichokoza na buluu ni jamaa ya tatu, sita na tisa, manjano na rangi ya chungwa ni tano na kumi, nyeupe ndiyo moja, na nyeusi, yaani saba, haina ndugu. Alivitumia kimyakimya kwa miaka, na mwaka 1952 akatoa kijitabu chake juu ya nambari zenye rangi.

Sisi tuliojifunza kuhesabu kwa mawe, mbegu, vizibo vya soda, na chelewa za ufagio zilizofungwa kumi kumi kwa uzi, twaweza kuuliza Mbelgiji huyu aliongeza nini. Aliongeza jambo moja kubwa. Chelewa huhesabiwa moja moja, na mtoto anayeulizwa tano na mbili hurudi kila mara kuanza na moja. Kijiti cha Thuin hakina alama yoyote mwilini mwake, hakihesabiki, hupimwa tu. Mtoto huweka cha manjano na chekundu mkia kwa kichwa, akaona vimelingana na cheusi, na papo hapo, pasipo kuambiwa, ameona pia kwamba cheusi ukikipunguzia chekundu hubaki cha manjano. Tena kijiti hakina jina la kudumu: leo cheupe ni moja, kesho cha chungwa ndicho moja na cheupe kimekuwa sehemu ya kumi, na kwa njia hiyo mtoto huingia katika sehemu bila kuogopa.

Mwaka 1953 alifika Thuin Caleb Gattegno, mtaalamu wa hisabati mzaliwa wa Iskandaria, Misri, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha London. Aliyoyaona yalimfanya mhubiri wa vijiti hivyo kwa maisha yake yote, akavipeleka Uingereza, Marekani na kwingineko. Huko Marekani Lore Rasmussen, mualimu mhamiaji kutoka Ujerumani, aliandika katika skuli ya Miquon, karibu na Philadelphia, madaftari sita yenye majina ya rangi, ambayo hata leo familia nyingi zinazosomesha nyumbani huyanunua pamoja na vijiti.

Miongoni mwa waliomwona Gattegno kazini ni John Holt, mualimu wa darasa la tano, aliyesimulia habari hiyo katika kitabu chake cha 1964, How Children Fail. Gattegno aliletewa watoto wenye ulemavu wa akili. Alisimamisha vijiti viwili vya buluu, katikati akatia cha kijani kilichokoza, pakabaki nafasi tupu, akawataka watafute kijiti cha kuijaza. Walijaribu hiki na kile hata wakakipata cha kijani hafifu. Kisha akavitikisa vijiti vyake, kile kilichokoza kikaanguka, akavipindua, akauliza tena. Na hao watoto, ijapokuwa kijiti kilichotoka kilikuwa mbele ya macho yao, wakaanza upya kujaribu kimoja kimoja. Hakuonyesha hasira wala haraka. Alirudia mara kadhaa, mpaka mvulana mmoja akanyoosha mkono moja kwa moja kwenye kijiti kilichotakiwa.

Kisa hicho hunukuliwa kuvisifu vijiti, nami naona kinasifu subira ya muulizaji. Holt mwenyewe alikuja kuona jambo la karibu na hilo. Mwaka 1977 alianzisha mjini Boston gazeti la Growing Without Schooling, akawa sauti kuu ya wazazi waliotaka kuwaondoa watoto skuli, wakati ambapo katika majimbo kadhaa kufanya hivyo kuliweza kumfikisha mtu mahakamani. Ilipofika 1993 jambo hilo lilikuwa halali katika majimbo yote 50. Na mtu huyo huyo, alipokitoa upya kitabu chake mwaka 1982, alikiri kwamba yeye na mwenziwe Bill Hull walivishangilia vijiti kwa sababu wao walikwisha kuzijua nambari, hivyo waliziona mle. Ama mtoto asiyezijua aliweza kuviona vipande vya mbao vya rangi, basi.

Ungamo hilo lina thamani kuliko matangazo yote ya wauzaji, kwa kuwa limetoka kwa mpenzi wa zana hizo, si kwa adui. Halibatilishi kazi ya mualimu wa Thuin, ila laonyesha mahali pa kutazama. Mbao ni rahisi kupatikana, na seremala yeyote mwenye rula aweza kuzikata. Tofauti kati ya mpango na mpango iko katika maswali, katika mfuatano wa maswali hayo, na katika siku ambayo mkono hutakiwa kuiachia akili kazi. Basi wewe mzazi unayechagua, usianze kwa kufungua sanduku. Fungua daftari, utafute ukurasa ambao mtoto anaambiwa aviweke vijiti kando, afumbe macho, na aseme ni kipi kitakachoijaza nafasi. Na kama ukurasa huo haumo, rudisha sanduku dukani.