Sanamu Zisizodaiwa: Uchongaji wa Wamunyu na Mjadala wa Kurejesha Urithi

Machi 2021 Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi yalifungua maonyesho yaliyotokana na mradi wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyo ng'ambo, yakishirikiana na vikundi vya wasanii vya The Nest na SHIFT pamoja na makumbusho ya Cologne na Frankfurt. Orodha ilifikia vitu 32,501 katika taasisi 30. Makabati ya vioo yaliachwa matupu ukumbini, nafasi ya vitu visivyokuwapo. Kuhusu vigango vya Wamijikenda, yaani nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, au ngoma ya Ngadji ambayo Wapokomo walinyang'anywa na Waingereza, hakuna la kubishania: virudishwe. Ninachopinga ni dhana iliyobeba hesabu hiyo, kwamba urithi uliotutoka ni ule tu uliosajiliwa katika madaftari ya makumbusho.

Ukiutazama mjadala huu kutoka hapa Kithimani, Yatta, katika kaunti ya Machakos, pengo linaonekana wazi. Kazi za Wakamba zilizosambaa duniani kuliko nyingine zote ni sanamu za mbao za Wamunyu, katika kaunti hiyo hiyo, nazo haziingii katika hesabu kwa sababu ziliuzwa. Twiga wa mbao amekaa sebuleni mwa mtu Ulaya miaka sitini, na hakuna orodha inayomjua.

Masimulizi yanayokubaliwa na wengi humtaja Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akajifunza kuchonga kwa Wazaramo, kisha akawafundisha jamaa zake. Kufikia 1958 mwanauchumi Walter Elkan alikuwa akiichambua kazi hiyo kama biashara ya kuuza nje. Baadaye vyama vya ushirika vya Wamunyu na Changamwe viliipa mizizi. Kazi hugawanywa: huyu hutema gogo kwa shoka, yule hulipa umbo kwa tezo, wengine hupiga msasa na kung'arisha. Kinachofika sokoni hakina jina la mtu.

Hapo ndipo wahafidhina hushika: kazi ya kurudiwarudiwa, isiyo na sahihi, iliyojifunzwa ugenini, si urithi. Mwanahistoria wa sanaa Sidney Kasfir alikwisha kuuliza mwaka 1992 ni nani hasa hutoa cheti cha uhalisi wa sanaa ya Afrika, na sijaona jibu la kuridhisha. Hoja ya ugeni ndiyo dhaifu kuliko zote. Wakamba walikuwa wafanyabiashara wa masafa marefu. Mmoja wao, Kivui Mwenda, alikuwa akiendesha misafara ya pwani kabla ya 1850. Kigoda cha miguu mitatu chenye nakshi za waya, ambacho makumbusho hukionyesha kama Ukamba halisi, nacho ni zao la biashara hiyo hiyo ya waya. Kwa nini waya wa msafara ukubaliwe na tezo la Mzaramo likataliwe?

Kuhusu sahihi, mti wenyewe hutoa ushahidi. Muhugu na mpingo vilipoadimika, wachongaji waligeukia mwarobaini, jakaranda na mwembe, mti ambao hapa Yatta kila boma linaujua. Kwa hiyo sanamu isiyo na jina yaweza kukadiriwa kipindi chake kwa aina ya ubao na alama za chombo. Si kipimo kamili, maana miti hiyo ilitumika sambamba kwa muda, lakini kinatosha kuanzia utafiti. Tena kinaeleza jambo ambalo kabati tupu haliwezi kulieleza: misitu iliyokwenda pamoja na sanamu.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti jukumu la makumbusho. Machakos haihitaji kumdai mtu yeyote wa Ulaya ili ianze. Inunue sanamu kutoka Wamunyu leo, kwa bei ya haki, na kila moja iandikwe jina la aliyeichonga na mti alioutumia, wazee waliofundishwa na kizazi cha kwanza wakiwa bado wanaweza kuulizwa.