Wanafunzi wa Ng'ambo na Swali la Asili katika Pwani ya Kusini ya Kenya

Sehemu kubwa ya yale yaliyoandikwa juu ya pwani ya kusini ya Kenya, kutoka Likoni kupitia Diani na Msambweni hadi Vanga mpakani, iliandikwa na watu waliofika huko kujifunza. Baadhi yao walikuwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya ng'ambo, wenye barua za utambulisho na muda uliopimwa. Wengine walikuwa watumishi wa serikali ya kikoloni waliojifunza lugha na desturi kwa kuwa kazi iliwalazimu. Jambo moja laonekana katika kazi za wote: swali la asili limetangulia maswali mengine. Kabla ya kuandikwa namna watu wanavyolima, wanavyooana au wanavyozikana, huandikwa kwanza walikotoka.

Swali "Mlitoka wapi?" halikosi kubeba sehemu ya jibu lake. Linadai kwamba kulikuwako kutoka, na kwamba aliyeketi hapo leo hakuwapo hapo zamani. Mzee aulizwaye na mgeni aliyevuka bahari kuja kumsikiliza hatasema, kwa adabu, kwamba swali halina maana, atalitafutia safari. Makala haya yanakusudia kutazama jinsi swali hilo lilivyoulizwa katika Kwale kwa muda wa zaidi ya miaka mia, nani aliulizwa na nani hakuulizwa, kwani tofauti hiyo haikubaki vitabuni tu.

Yafaa kuanza na Vumba. Mwaka 1900 A. C. Hollis, afisa wa serikali ya Uingereza ambaye baadaye alisifika kwa vitabu vyake juu ya Wamaasai na Wanandi, alichapisha London makala juu ya historia ya Vumba, akieleza habari za watawala wake waliokuwa na cheo cha diwani, na za mji wa kale wa Vumba Kuu karibu na mpaka wa sasa wa Tanzania. Masimulizi aliyoyakuta yalikuwa ya Washirazi na masharifu, yaani ya watu waliotoka mbali na kwa njia ya bahari. Katika pwani ile hayo ndiyo yaliyokuwa masimulizi yenye heshima. Zaidi ya nusu karne baadaye H. E. Lambert, naye mtumishi wa serikali kwa miaka mingi, alitoa kupitia Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki tahakiki za lahaja mbili za upande huo: ya Kivumba mwaka 1957, na ya Chichifundi, isemwayo Funzi, Shirazi na vijiji vya jirani, mwaka 1958. Lambert hakuja kuuliza juu ya nasaba za watawala. Alisikiliza viambishi, njeo na sauti. Lakini katika kufanya hivyo aliacha ushahidi wa asili ambao hakuna mzee aliyeukusudia. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walipoziainisha lahaja za Kiswahili katika kitabu chao kikubwa cha mwaka 1993, Kivumba na Chichifundi viliwekwa pamoja na lahaja za kusini, jamaa ya Kipemba, Kimtang'ata na Kihadimu, si pamoja na Kimvita kilicho karibu zaidi kwa mwendo wa miguu. Ulimi wa Wasini na Vanga, basi, ulikuwa umeelekea Pemba hata pale ambapo nasaba ilielekea Uajemi. Hili halithibitishi kwamba wazee walisema uongo. Nasaba husimulia ukoo ulioheshimiwa, ilhali lugha huhifadhi ule umati wa wake, wakwe, wavuvi na watumwa ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Kwa upande wa Wadigo, mwanafunzi wa kutajwa ni Luther Gerlach, Mmarekani aliyewasilisha katika Chuo Kikuu cha London, mwaka 1961, tasnifu juu ya mpangilio wa jamii ya Wadigo. Wadigo walikuwa na somo lililowavuta wataalamu wa elimu ya jamii: Waislamu walio wengi, ambao hata hivyo urithi wao wa kimila ulipita kwa mjomba, na hivyo sheria ya dini na mila zikakutana juu ya shamba moja la minazi. Gerlach aliandika pia juu ya wachuuzi wa baiskeli miongoni mwa Wadigo na Waduruma. Huenda makala hayo madogo ndiyo yenye faida kubwa zaidi kwa mwanahistoria wa leo, kwa sababu yanamwonyesha mtu wa Kwale akiwa barabarani na bidhaa zake, katika mwendo wa kila juma usio na hadithi ya asili wala kaya iliyoachwa nyuma. Mwendo wa namna hiyo haukuitwa kuhama na mtu yeyote.

Kuhama kwa Wadigo, kama kulivyozungumzwa vyuoni, kulikuwa kumoja tu: kutoka Singwaya. Masimulizi ya Wamijikenda yasema kwamba walifukuzwa kutoka nchi hiyo ya kaskazini, na kwamba Wadigo walitangulia wenzao, wakashuka mpaka Kwale na Kinondo. Katika miaka ya 1970 jambo hili lilizua mjadala mkali, na wajadili wengi walikuwa vijana waliokuwa ndiyo kwanza wametoka katika utafiti wa digrii zao. R. F. Morton aliandika mwaka 1972 kwamba hadithi ya Singwaya haionekani katika kumbukumbu za Wamijikenda zilizoandikwa kabla ya miaka ya mwisho ya karne ya 19, na kwa hiyo ni ngeni kwao. Thomas Spear alimpinga, na katika kitabu chake juu ya kaya cha mwaka 1978 aliyatetea masimulizi ya wazee kuwa historia. Hinnebusch, aliyekuwa amemaliza tasnifu yake Los Angeles mwaka 1973 juu ya lugha za Kibantu za pwani ya Kenya, aliipima hadithi hiyo mwaka 1976 kwa ushahidi wa lugha. Wakati huo huo, mwaka 1975, William McKay alitoa Boston tasnifu juu ya historia ya pwani ya kusini kabla ya ukoloni, kazi ambayo haikuwahi kupata wasomaji inaowastahili.

Hapa si mahali pa kuamua kesi ya Singwaya. La kuzingatia ni kwamba pande zote mbili zilikubaliana juu ya uzito wa swali. Waliopinga na waliotetea walikubali kwamba kumjua Mdigo ni kujua alikotoka. Ushahidi wa lugha, kwa upande wake, ulisema jambo lililo sahili zaidi: kwamba Kidigo na Kiswahili ni ndugu, pamoja na Kipokomo, Kielwana na Kingazija, katika jamii moja iliyopewa jina la Sabaki. Mdigo asema atu na madzi pale Mswahili asemapo watu na maji. Mgeni mwenye sikio zuri hulitambua hilo siku ya kwanza sokoni Ukunda, bila ya kuhitaji Singwaya.

Lugha yenyewe ya kuzungumzia mwendo huu inastahili kutazamwa. Kiswahili cha pwani hutofautisha kuhama na kuhamia, na kiambishi hicho kimoja kina kazi kubwa: anayehama hutajwa kwa anachokiacha, anayehamia kwa anakofika. Kimvita kina pia kugura, ambako ni kuacha makao na kwenda kwingine, na aliyegura haulizwi hati. Mgeni ni neno la heshima na la muda. Akikaa sana, hulazimika kuwa mwenyeji au kuitwa kitu kingine. Ndipo yanapoingia maneno makali zaidi: wabara, kwa watu waliotoka bara, wakuja, neno ambalo halisemi walikotoka bali lasema tu kwamba hawakuwapo, na mlowezi, lililopata nguvu katika siasa za ardhi. Mhamiaji, kwa maana ya mtu mwenye jalada ofisini, ni neno la juzi. Haliko katika masimulizi ya kaya wala ya Vumba, ingawa yote mawili ni masimulizi ya kuhamia.

Tangu miaka ya 1970 aina nyingine ya mwanafunzi ilianza kufika Kenya: kijana wa chuo cha Marekani anayekuja kwa muhula mmoja, akakaa nyumbani kwa watu. Programu ya Kenya ya Chuo Kikuu cha St. Lawrence ilianza mwaka 1974, na vyuo vingine vikafuata njia hiyo. Wanafunzi hawa hawakuandika vitabu vinavyotajwa hapa, na wengi wao waliondoka na daftari moja tu. Hata hivyo hali yao ya kujifunza ilikuwa na jambo ambalo mtafiti mwenye maswali yaliyopigwa chapa hulikosa, nalo ni kuulizwa. Mama wa nyumba amwambiaye mgeni wake, "Mwanangu, na nyinyi kwenu ni wapi?", hutaka jibu la kweli. Kijana husema Marekani, kisha hulazimika kueleza kwamba babu yake alitoka nchi nyingine, na mke wa babu nyingine tena. Mwenyeji husikia habari hizo bila mshangao. Ni habari za kawaida katika Msambweni, ambako nyumba moja yaweza kuwa na Mdigo, Mchifundi na mkwe wa Kipemba. Na ikiwa kijana huyo ametembea Diani, ambako tangu hoteli zilipoenea Wajerumani, Waswisi na Waitaliano wengine wamekuja kwa wiki mbili na wakabaki kwa miaka, ataona kwamba wapo wahamiaji ambao hakuna awaitaye hivyo. Wao huitwa wazungu, na mambo yakaishia hapo.

Hebu sasa tuwatazame wale ambao hawakuulizwa. Kusini mwa Msambweni kulikuwa na kiwanda cha sukari cha Ramisi na mashamba yake, kilichofanya kazi tangu miaka ya 1920 mpaka kilipofungwa mwaka 1988. Na Kwale ilikuwa pia na mashamba ya mkonge. Katika miaka ya 1930 na 1940 Wamakonde kutoka Msumbiji waliletwa kufanya kazi katika mashamba hayo. Walikuja na chanjo zao za uso, ngoma zao na ufundi wao wa kuchonga mpingo. Walikaa Makongeni na kwingineko, wakazaa, wakazika. Kimakonde hakimo katika jamii ya Sabaki. Watoto wao walijifunza Kiswahili na Kidigo juu ya lugha ya mama. Kwa mwanafunzi wa lugha pangekuwa na somo la ajabu: jamii inayojenga usemi mpya mbele ya macho yake, katika kizazi kimoja. Lakini katika kazi zilizotajwa juu, Wamakonde hawakuwa mada. Hawakuwa na kaya wala diwani, na kuja kwao kulijulikana mno kuweza kuwa fumbo. Kufika kwa gari la mwajiri hakukuonekana kuwa historia.

Serikali iliona vivyo hivyo. Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 ilimpa uraia aliyezaliwa Kenya ikiwa mmoja wa wazazi wake naye alizaliwa Kenya; wengine waliachiwa njia ya kujiandikisha katika muda uliowekwa. Mfanyakazi wa shambani asiyejua kusoma, ambaye hakuna aliyemweleza habari hizo, alibaki nje, na baada yake watoto na wajukuu. Bila kitambulisho, kijana wa Kimakonde hakuweza kuajiriwa rasmi, wala kumiliki ardhi kisheria, wala kupiga kura. Sheria ya uraia ya mwaka 2011 ilifungua mlango kwa wasio na utaifa waliokuwapo Kenya tangu tarehe 12 Desemba 1963, lakini kwa miaka mitano, na miaka hiyo ikaisha bila wao kuandikishwa. Oktoba 2016 Wamakonde waliandamana kutoka Kwale hadi Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha; na mapema mwaka 2017 walitangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Waliokuwa wamezaliwa Makongeni walikuwa na wajukuu wakati huo.

Kati ya miaka hiyo lilitokea jambo lililoonyesha kwamba maneno yaliyotajwa juu si ya kamusi tu. Agosti 1997 washambuliaji walivamia kituo cha polisi cha Likoni, na ghasia zikaenea upande wa kusini. Walioandamwa ni wabara, watu waliohamia kutoka sehemu nyingine za Kenya hiyo hiyo, ambao uraia wao haukuwa na shaka yoyote. Siasa za uchaguzi zilikuwamo, na umaskini na ardhi vilikuwamo. Lakini neno lililotumiwa kumtenga jirani lilikuwa neno la asili.

Kisa cha Wapemba ndicho chenye mafunzo zaidi kwa mtaalamu wa lugha. Walivuka kwa vyombo vyao vya uvuvi kwa vizazi vingi, na wengine walikimbia baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964. Wakakaa Kwale na Kilifi. Usemi wao, wenye kaja na kafika pale shule inapofundisha amekuja na amefika, hausikiki kama wa kigeni katika visiwa na vijiji vya Shimoni. Wasini, kwa kweli, ni wa karibu kuliko Kiswahili sanifu cha mwalimu. Walikaa bila hati mpaka mwaka 2023, ambapo serikali ya Rais William Ruto iliwatambua kuwa moja ya jamii za Kenya. Mvumba wa Wasini, aliye jamaa yao kwa lahaja na mwenzao wa bahari, hakuhitaji tangazo la namna hiyo. Hollis alikuwa ameiandika asili ya mji wake mwaka 1900.