Jina la Kwanza Rungwe

Historia ya Kanisa la Moravian kusini-magharibi mwa Tanzania kwa kawaida huanza na Theodor Meyer, na ni haki ianze hivyo. Mwaka 1891 alifika Rungwe pamoja na wenzake kutoka Ujerumani kupitia Ziwa Nyasa. Walikuwa wanne, mmoja, Georg Martin, alifariki mwaka huohuo. Waliobaki walijenga chini ya Mlima Rungwe, na kwa robo karne Meyer akaongoza kazi hiyo. Alijifunza Kinyakyusa, akaandika kwa kina maisha ya watu aliowakuta. Maandishi yake yalichapishwa kwa Kiswahili mjini Mbeya mwaka 1993, na hadi leo anayetafiti Wanyakyusa wa zamani hawezi kuyaruka.

Lakini kiongozi wa kanisa bila waumini anaongoza nini? Kwa miaka sita Rungwe ilikuwa na nyumba, bustani na mahubiri, ila haikuwa na hata mbatizwa mmoja. Wenyeji waliwasikiliza wageni, wakafanya nao kazi, kisha wakarudi nyumbani. Kubatizwa hakukuwa kubadili mawazo tu. Ndoa, ng'ombe wa mahari, matambiko ya ukoo na mazishi vilishikana. Ukivuta uzi mmoja, nguo nzima inafumuka. Kwa mwanamke, ambaye ng'ombe walikuwa wamepita kwa jina lake kati ya koo mbili, uzi huo ulikuwa mgumu zaidi kuuvuta.

Aliyeuvuta alikuwa mwanamke. Aliitwa Fibombe, akabatizwa mwaka 1897. Hakuitwa Maria wala Elisabeth. Aliitwa Numwagire, yaani "nimempata".

Tulitazame jina hilo vizuri. Ni sentensi kamili ya Kinyakyusa, na mtendaji ndani yake ni yeye mwenyewe. Masimulizi ya misheni husema wamisionari "walimpata" muumini wa kwanza. Jina lake linasema kinyume: mimi ndiye niliyempata. Hakuacha kitabu, wala sijaona popote akitajwa miongoni mwa viongozi. Hata hivyo, katika mstari wa waliokwenda mbele ili wengine wafuate, yeye ndiye wa kwanza.

Jambo kama hilo lilitokea kwa jina la Mungu. Kyala alikuwa shujaa wa kale aliyetambikiwa Palikyala, katika tambarare za Kyela. Neno hilo ndilo likawa la Mungu wa Wakristo, na ndilo linalotamkwa kanisani mpaka sasa. Mgeni aliweza kulichagua, lakini maana yake ilibaki mikononi mwa wasemaji wa lugha.

Kisha ikaja vita. Mwaka 1916 Waingereza waliiteka Neu-Langenburg, mji tunaouita Tukuyu, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Waskoti wa Livingstonia, ng'ambo ya mpaka, walisaidia usimamizi, lakini walikuwa wachache na walikuwa mbali. Kazi ya kila siku ya kufundisha, kuzika na kusuluhisha ugomvi iliwaangukia walimu na wazee wa Kiafrika. Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya 1920, walikuta kanisa lingali hai.

Ndiyo maana nadhani urithi wa Meyer upimwe kwa miaka ile ambayo hakuwapo. Kwa miaka hiyo kanisa lilikuwa mikononi mwa warithi wa Numwagire, watu waliokuwa na la kupoteza kijijini na bado wakabaki.

Leo makao makuu ya Jimbo la Kusini yako palepale Rungwe. Na katika orodha ya darasa lolote la Tukuyu utakuta akina Ambwene, "ameniona", Atupele, "ametupa", na Tusajigwe, "tumebarikiwa". Ni sentensi fupi za Kinyakyusa, za aina ileile aliyoandikiwa Fibombe mwaka 1897. Tunapoorodhesha waanzilishi wa kanisa hili, jina lake liwemo, tena liandikwe pamoja na maana yake.