Eliud Mathu: Sauti Moja Ndani ya Legco

Ndugu msomaji, ukiwataja wabunge wa kuteuliwa mbele ya vijana barazani, jibu utakalopewa ni lile lile: "Ah, hao waliingia kwa mlango wa uani!" Hawakupigiwa kura, hawana eneo la uwakilishi, basi wataongea kwa niaba ya nani? Hebu turudi nyuma hadi mwaka 1944, tumtazame mtu aliyepitia mlango huo huo, tuone alifanya nini alipofika ndani.

Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, ambalo wengi waliliita Legco, lilikutana mara ya kwanza mwaka 1907, na wajumbe wote walikuwa Wazungu. Mwaka 1909 akateuliwa Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara wa Kihindi, akawa mjumbe wa kwanza asiyekuwa Mzungu. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ikapanga viti vya kuchaguliwa hivi: Wazungu 11, Wahindi 5, Mwarabu 1. Na Mwafrika je? Yeye aliwekewa Mzungu wa misheni amsemee. Yaani mgonjwa yuko nje ya mlango, na mtu mwingine ndiye anayemweleza daktari maumivu yalipo.

Hali iliendelea hivyo mpaka Oktoba 1944, gavana alipomteua Eliud Wambu Mathu. Alikuwa mwalimu kutoka Kiambu, aliyezaliwa mwaka 1910. Alisoma Alliance, akaenda Fort Hare kule Afrika Kusini, kisha Exeter na Balliol College, Oxford. Mwezi huo huo wananchi wakaunda chama, ambacho baadaye kilijulikana sana kwa jina la KAU, ili awe na watu wa kumpa habari na wa kumuunga mkono. Hilo tulizingatie. Kuteuliwa aliteuliwa na gavana, lakini hoja zake alizitafuta kwa wananchi.

Mzigo wenyewe haukuwa mchezo. Hesabu ya watu ya mwaka 1948 ilionyesha Waafrika zaidi ya milioni 5, na Wazungu wapata 30,000. Ndani ya baraza hesabu hiyo ilipinduliwa chini juu. Kura ilipopigwa, mkono mmoja wa Mathu haungeweza kushinda mikono ya serikali na masetla. Silaha aliyobaki nayo ni ulimi: kuuliza maswali, kudai majibu, na kuhakikisha maneno yake yanaandikwa katika Hansard, ambayo ndiyo kumbukumbu rasmi ya mijadala.

Mambo aliyoyasemea ni yale yaliyowaumiza watu kila siku: ardhi iliyochukuliwa na kuitwa ya Wazungu, uhaba wa shule, na kipande. Vijana wenzangu, hiki kipande tukieleze, kwani leo tunaliambia jina hilo kitambulisho cha kawaida tu. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na ikaanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanamume wa Kiafrika akifika miaka 16, alichukuliwa alama za vidole, akapewa karatasi, akaitia ndani ya kijaluba cha bati na kukining'iniza shingoni. Ndani yake mwajiri aliandika habari za kazi yake na mshahara wake. Ukiacha kazi bila ya bwana wako kutia sahihi, ulitafutwa na kushikwa. Jamii nyingine zote hazikuvaa kitu kama hicho.

Mathu aliipinga dhulma hii barazani, na KAU nayo ikaipinga nje. Mwaka 1947 ikapitishwa sheria mpya ya kuwaandikisha watu wote, wa kila rangi. Hapo ndipo kelele zilipoanza! Masetla walioona ni sawa kabisa Mwafrika kutoa alama za vidole, sasa walikasirika walipoambiwa nao watoe. Serikali ikaunda tume ya Sir Bertrand Glancy, nayo ikapendekeza wenye kujua kuandika watafutiwe njia nyingine. Hivyo ushindi ulipunguzwa, lakini kijaluba cha shingoni kiliondoka, na unafiki ukaonekana na kila mtu.

Mwaka huo huo wa 1947 akaongezwa mjumbe wa pili Mwafrika, B. A. Ohanga, na wengine wakafuata. Mwaka 1952, ule mwaka wa hali ya hatari, Mathu akaingizwa katika Baraza la Utendaji, Mwafrika wa kwanza humo. Wapo waliomwona amekuwa mtu wa serikali. Machi 1957 Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza, kugombea viti 8, Mathu alishindwa na Bernard Mate. Ni kweli kwamba masharti ya hali ya hatari yaliwanyima Wakikuyu wengi kura. Hata hivyo funzo liko pale pale: kiti cha kupewa hakikufanyi kuwa chaguo la watu. Mathu alifariki mwaka 1993.

Je, tumhukumu vipi? Kwa insafu, tusiangalie mlango alioingilia peke yake. Tuangalie pia alichokisema na aliyemsemea. Katiba ya 2010 imeweka nafasi 12 za kuteuliwa katika Bunge la Taifa, kwa ajili ya makundi maalumu wakiwemo vijana, watu wenye ulemavu na wafanyakazi. Kiti hicho ni amana. Basi kabla ya kumsifu au kumlaumu anayekikalia, tumuulize: kabla ya kusimama kuzungumza, uliwasikiliza kina nani? Kisha tufungue Hansard, tusome wenyewe. Mathu alikuwa peke yake na maneno yake yamo. Walio 12 hawana udhuru.